Jumamosi Ambayo Bwana Pasi Hakwenda Hospitali

Duka langu la vifungo na nyuzi limepakana na chumba cha dobi mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Pasi. Ukuta wetu ni mmoja, tena mwembamba. Yeye akipiga chafya kule, mimi huku nafuta pua. Jina hilo hakupewa kwa ajili ya kazi peke yake. Watu walisema ukimwendea umepinda utaondoka umenyooka, na ukikawia kuondoka utaungua.

Hakuwa hivyo tangu mwanzo. Mkewe, Mama Chiriku, aliniambia kwamba alipoolewa naye, mumewe alikuwa mtu wa mizaha, mwenye kuimba huku akikamua mashuka, sauti mbaya lakini haoni haya. Kisha akaugua. Mapafu yalijaa maji, akalazwa, akawa anahesabiwa pamoja na wanaoondoka. Asubuhi moja daktari alimwita Mama Chiriku pembeni, akamwambia awaite ndugu. Mlango haukuwa umefungwa vizuri, na mgonjwa akayasikia yote. Akageukia ukutani, akasema kwa pumzi ile iliyobaki: "Bwana, ukinitoa hapa, sitapumzika. Nitakutumikia mpaka nife."

Siku chache baadaye homa ikakatika, akaomba uji. Mungu alimtoa. Naye kweli hakupumzika.

Kila Jumamosi alikwenda kwenye wodi ileile aliyolazwa, akakusanya mablanketi, akayaleta kwake, akayafua, akayakausha, akayarudisha yamekunjwa kama matofali. Hospitali ilikuwa na wafuaji wake, na mablanketi mengine aliyachukua yakiwa masafi, lakini nani angemwambia? Nyumbani aliwaamsha wote kabla jua halijachomoza wapige magoti kwenye sakafu ya saruji. Redio ilizimwa ikawa kabati la kuwekea sindano. Kanisani alikaa karibu na mlango ili amwone anayechelewa, na mwanamume aliyekuja bila koti alimkazia macho mpaka ibada iishe. Alifunga kula mara kwa mara, na akifunga, nyumba nzima ilifunga: yeye chakula, wengine midomo.

Mama mkwe wake, Bibi, aliishi nao, na masikio yake yalikuwa yamechoka. "Bahati yangu masikio yalitangulia," aliniambia siku moja akicheka chini chini. "Mahubiri ya mkwe wangu nayaona mdomoni tu, siyapati."

Lakini aliyeumia zaidi ni binti yao. Walimwita Chiriku tangu utotoni kwa sababu alikuwa haachi kuongea, kama ndege yule. Kadiri alivyokua, ndege alinyamaza. Alipomaliza shule akawa anamsaidia baba yake kupiga pasi, na siku nzima ungesikia pasi ikitua na kuinuka, na baba akisema, "Kola. Angalia kola," basi.

Sasa, Jumamosi moja Bwana Pasi alikuwa amekwenda kuchukua mablanketi yake, na Mama Chiriku yuko sokoni. Chiriku alibaki na koti la mwalimu mkuu mstaafu, koti la sufu, la heshima, ambalo mwenyewe alilihitaji kesho yake. Bibi akaita kutoka jikoni kwamba maziwa yanamwagika. Chiriku akakimbia. Pasi ikabaki imelala.

Mimi ndiye niliyesikia harufu. Nilipoingia nilimkuta amelishika koti mbele ya dirisha. Mgongoni palikuwa na alama ya pasi, kahawia, imekaa vizuri kama imechorwa.

"Mama mdogo," akaniambia, "unaona?"

"Naona, mwanangu. Ni koti tu. Baba yako atakusamehe, ni mtu wa Mungu."

Aliniangalia tu, kwa macho ya mtu aliyeambiwa jambo na asiyejua pa kuliweka. Mteja akaniita dukani, nikaenda kumpimia zipu. Niliporudi, koti lilikuwa limekunjwa mezani, pasi imezimwa, na Chiriku hayupo.

Bwana Pasi alirudi na mzigo wake mgongoni, akaliona koti. Nilijikunyata kule kwangu nikisubiri kelele. Hazikuja. Nilimsikia akisema kwa sauti ya chini, ile iliyokuwa mbaya kuliko kelele, "Atarudi. Anajua alichofanya."

Ndipo Mama Chiriku, aliyekuwa ameingia na kapu lake la mboga, akasema neno ambalo nadhani lilikuwa limemkaa kooni miaka. "Hajalikimbia koti, baba Chiriku. Amekukimbia wewe."

Nikasikia mlango. Alitoka vile vile alivyokuwa, hata jasho la mzigo hajalifuta, akaacha mablanketi sakafuni. Hakuwahi kuyaacha sakafuni.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Chiriku mwenyewe. Alikuwa amekwenda kwa shangazi yake, dada mkubwa wa Bwana Pasi, mkunga anayeishi mtaa wa juu, mwanamke mnene asiyejua kunong'ona. Walikuwa wamekaa uani wanachambua mboga wakati baba alipotokea, jasho linamtoka. Chiriku akasimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alihema kwanza. "Kwa nini umekimbia? Ulidhani sitakusamehe?"

"Nilijua utanisamehe, baba."

"Sasa?"

Chiriku akatazama vidole vyake. "Ukinisamehe huwa hayaishi. Kila siku itabidi nionyeshe kwamba nimesamehewa. Nikichelewa kuamka, ni koti. Nikicheka, utaniuliza ninacheka nini. Mwaka mzima nitakuwa yule aliyechoma koti akaonewa huruma. Mimi nimechoka kuonewa huruma, baba. Bora nipigwe, yaishe."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kumtolea baba yake. Bwana Pasi alitafuta pa kukaa, akakalia ndoo iliyofudikizwa. Chiriku anasema alionekana kama mtu aliyepita mbele ya kioo bila kujua kwamba ni kioo, akashtuka: nani huyu?

Dada yake akatupa majani makavu pembeni. "Umemsikia mtoto? Hayo maneno umwambie Mungu wako, maana ndivyo mnavyoishi wewe na yeye."

"Dada, usichanganye mambo."

"Sichanganyi. Tangu utoke hospitali, umewahi kumshukuru Mungu?"

"Kila Jumamosi nafanya nini?"

"Unalipa. Mimi nakuuliza kushukuru."

"Niliweka nadhiri."

"Ulisema hutapumzika. Nani alikuomba usipumzike? Yeye alikupa pumzi, wewe ukamjibu kwamba hutaitumia!" Akajifuta mikono kwenye aproni. "Sikiliza, mdogo wangu. Mimi kazi yangu kupokea watoto. Mtoto akilia kilio chake cha kwanza, sijamsikia mama hata mmoja akimwambia, haya, anza kunilipa. Anambeba. Na mtoto huyo akishakua, humkuti anamchotea mama yake maji, anamtetea kwa majirani? Anafanya kwa sababu ni mtoto wake. Wewe unamtumikia Mungu kama mtu aliyekamatwa."

Dada akaendelea, maana akianza huwa hasimami: "Jumamosi ijayo usiende hospitali."

"Nini?"

"Usiende. Kaa nyumbani, tuone kama Mungu atakuvunja miguu."

"Unanijaribu, dada."

"Nenda kwa mchungaji basi, umuulize kama nimekosea."

Bwana Pasi akainuka, akamwendea binti yake. Alikuwa na mazoea ya kumshika begani akitaka kumwonya, kwa hiyo Chiriku akajikaza. Lakini mkono ulitua taratibu. "Koti ni langu," alisema. "Limeungulia kwangu, kwenye meza yangu. Halitatajwa tena. Twende nyumbani, mama." Njia nzima hawakuongea. Chiriku anasema ulikuwa ukimya wa aina nyingine, unaoweza kutembea nao.

Kesho yake asubuhi alichukua koti lake mwenyewe, lile zuri la ibada, akampelekea mwalimu mstaafu pamoja na lile lililoungua, akamweleza ukweli wote isipokuwa nani alishika pasi. Mwalimu alinung'unika sana, akalijaribu koti la dobi, likamgomea tumboni, akavuta pumzi ndani, likakubali. "Haya," alisema bila kutoa pumzi. Na siku hiyo sisi tuliokaa upande wa kwaya tulimwona Bwana Pasi akiingia kanisani na shati tupu, akapita katikati ya watu aliowakazia macho miaka yote. Hakuna aliyemcheka. Mmoja alimsogezea nafasi.

Baada ya ibada alimfuata mchungaji, akamweleza habari ya nadhiri na maneno ya dada yake. Mchungaji wetu ni mtu wa kucheka, na siku hiyo alicheka kwanza, kisha akaona kwamba mwenzake anatetemeka, akaacha.

"Ndugu yangu," alimwambia, "Kristo ameshalipa. Wewe unalipia nini tena? Kaa nyumbani. Na kama utaogopa, ogopa ukiwa umekaa."

"Na nisipofanya kitu, nitakuwa nani mbele zake?"

"Mtoto wake. Mwombe Roho wake afanye kazi huko ndani, maana hapa nje umeshajitahidi mpaka umetuchosha na sisi."

Jumamosi ikafika. Nilifungua duka mapema kwa makusudi, sikutaka kusimuliwa. Bwana Pasi alitoa benchi nje, akakaa, mikono juu ya magoti, mgongo umenyooka, kama mtu anayesubiri kuitwa na hakimu. Akinamama waliokwenda sokoni walimsalimu, akaitikia huku macho yako juu. Mama Chiriku akamletea chai. Ikapoa. Akamletea nyingine. Njiwa walitua kwenye kamba ya nguo iliyokuwa tupu, wakaruka. Jua likapanda, likampata miguuni, likampata mapajani. Kila pikipiki iliyopita kwa kasi alishtuka.

Hakuna kilichotokea. Mbingu zilikaa mahali pake.

Mchana benchi lilikuwa limempokea vizuri. Kichwa kikaegemea ukuta, kinywa kikafunguka, akalala usingizi ambao naamini alikuwa hajaulala tangu siku ile aliyoomba uji. Alikoroma hivi kwamba Bibi, yule asiyesikia, alichungulia mlangoni akauliza, "Hilo gari linamsubiri nani?"

Alipoamka jua lilikuwa limeshageuka. Mama Chiriku alikuwa amekaa kando yake anatengeneza pindo la pazia. Mimi nilikuwa dirishani napanga nyuzi, na naapa sikuwa nasikiliza, ila masikio hayana mlango. Nilimsikia akisema, "Leo sijafanya kitu."

"Hujafanya," mkewe akakubali.

"Sijafua hata leso. Na bado ananipenda. Mama Chiriku, ananipenda vile vile." Hapo sauti ikamkatika, akalia kama watu wazima wanavyolia, kwa kuficha uso kwanza na kisha kwa kuacha kuficha.

"Na mimi pia," alisema mkewe, akaendelea kushona, ingawa kwa machozi hakuuona uzi tena.

Msidhani aliamka Jumapili akiwa malaika. Mtu aliyezoea kutembea na mzigo, ukimtua, siku za kwanza huyumba. Mara nyingine alikuwa akianza kumfokea mtu nikajua yule wa zamani karudi. Siku moja kijana wa benki alileta mashati akidai vifungo vimevunjwa. Havikuwa vimevunjwa kwa dobi, mimi ninavijua vifungo. Bwana Pasi alianza, "Wewe kijana usiye na adabu, hivi unajua..." kisha nikasikia sentensi imekatika katikati. Pasi ikasimamishwa. Akatoka nje, akazunguka mpaka kwenye bomba, akarudi.

"Nimeanza vibaya," alimwambia yule kijana. "Tuanze upya. Vifungo vingapi?"

Baadaye alikuja kununua vifungo hivyo kwangu. Nilimuuliza, "Jirani, leo imekuwaje?"

"Zamani ningejibana hapa kwa nguvu zangu zote, halafu ningelipukia nyumbani," alisema. "Leo kuna aliyenigusa bega kwa ndani."

"Nani?"

"Unamjua ni nani." Akatabasamu, nikaona kwamba ana pengo la jino. Miaka yote ile ya ujirani sikuwa nimewahi kuliona.

Nyumbani nako, kidogo kidogo, watu walianza kupumua. Alikuwa bado anaamka mapema kuomba, lakini peke yake, na asiyetaka kuamka alilala. Ajabu ni kwamba ndipo walipoanza kuamka. Chiriku alimkuta alfajiri moja amesimama kwenye meza ya pasi, macho yamefumbwa, anaongea na Mungu kama mtu anayemsimulia mwenzake habari za jana, na mahali fulani akacheka. Chiriku akavuta kiti, akakaa kusikiliza. Siku hizo ndipo tulipokumbuka kwa nini aliitwa Chiriku. Ukuta wangu haukupata raha tena, na mimi sikulalamika.

Jumamosi kadhaa zilipita bila hospitali. Kisha moja ikaja ambayo aliamka akitaka kwenda. Alijitilia shaka. Alimwambia mkewe, "Ngoja kwanza. Nataka kuona kama ni ile hofu inaniita." Akakaa kitandani akaisubiri hofu ije. Haikuja. Kulikuwa na hamu tu, kama ya mtu anayetaka kumtembelea ndugu. "Basi twende wote," alisema Mama Chiriku.

Safari hiyo, aliniambia Mama Chiriku, hakunyakua kitu. Alimuuliza muuguzi wa zamu wanahitaji nini. Muuguzi alimtazama, akatazama nyuma yake kuona kama kuna mtu mwingine aliyeuliza. "Mablanketi hatuna shida nayo," akasema. "Shida ni wanaoruhusiwa. Walikuja wamebebwa, nguo zao zimekaa kwenye mifuko tangu hapo, wanatoka kama watu waliotolewa kwenye gunia. Mtu amepona, lakini ukimwona unampa pole."

Wakampa kona penye soketi. Akaanza kunyoosha mashati na magauni ya wanaokwenda nyumbani, na Mama Chiriku akizunguka vitandani akiuliza nani anatoka leo. Kwenye kitanda cha karibu na kona alilala seremala mmoja mzee, mguu umefungwa bendeji, mtu wa kulazwa na kutoka, kutoka na kulazwa. Alimtazama dobi kwa muda, kisha akauliza, "Wewe ni mpya, eti?"

"Kidogo," alisema Bwana Pasi.

"Maana kulikuwa na mmoja hapa. Sisi wenyeji wa wodi tunamjua. Alikuwa akija kila Jumamosi, anakuvua blanketi kama anakamata mwizi. Hasalimii! Siku moja alinifunua nina homa, nikabaki natetemeka. Yuko wapi siku hizi?"

Pasi ilisimama. Mama Chiriku aliganda na gauni la mtu mkononi. Bwana Pasi akafikiri, kisha akasema, "Yule amefariki."

"Maskini! Alikuwa anaumwa?"

"Aliumwa muda mrefu."

"Lo. Basi Mungu amempumzisha."

"Kweli kabisa, mzee," alisema Bwana Pasi. "Amempumzisha."

Muuguzi, aliyekuwa akipima dawa pale karibu, ilibidi aweke chupa chini. Mama Chiriku alikwenda kuchekea koridoni. Na Bwana Pasi mwenyewe alijaribu kuendelea na kola, ikamshinda. Mabega yakaanza, kisha tumbo, mpaka wagonjwa waliokuwa hawajui lolote wakacheka kwa kumwona tu anavyocheka. Baadaye alikwenda kukaa kwenye kitanda cha seremala, akamweleza yote na kumwomba radhi kwa blanketi lile. Seremala alimwambia, "Kumbe ni wewe! Basi marehemu amependeza." Tangu hapo wakawa marafiki.

Seremala aliruhusiwa kabla mvua hazijaanza. Bwana Pasi alimnyooshea shati la mistari na suruali yenye mkunjo wa kukata kidole, akamsaidia kuvaa, maana mikono ya mzee bado ilikuwa dhaifu. Alimfunga vifungo kimoja kimoja kuanzia chini.

"Nani anakutuma kazi hii?" mzee aliuliza. "Hospitali haikulipi, kanisa halikulipi. Wewe unapata nini?"

"Nimeshapata, mzee."

Seremala alilitafakari jibu hilo kidogo, akakubali kwa kichwa, kisha akaomba kioo. Muuguzi alimletea kimoja kidogo cha mkononi. Alijitazama kola, akajitazama mabega, akasogeza kioo mbali ili ajione zaidi. "Hebu tazama," alisema, "nyumbani watadhani nilikwenda harusini." Bwana Pasi na Mama Chiriku wakamshika, mmoja kila upande, wakashuka naye ngazi polepole mpaka getini, ambako wajukuu wake walikuwa wameshaanza kukimbia.